Ndala Mlangoni kwa Mtaliano

Nimeolewa muda wa kutosha kuwa na mtoto wa sekondari, lakini uso wa baba mkwe wangu siujui. Najua kofia yake, fimbo yake, mgongo wake na kikohozi chake. Yaliyobaki nayasikia kwa watu. Hatukugombana. Yeye ni Mnyakyusa wa zamani, wa kule juu Tukuyu, na kwa mila yake mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mkikutana njiani unaingia kichakani, unachuchumaa, unajifunika khanga mpaka apite. Meza moja hamli, na jina lake hulitamki hata kama ni jina la mtu mwingine kabisa. Siku hizi wengi wameacha. Yeye ni mzee wa kanisa, suti ameanza kuvaa kabla mimi sijazaliwa, lakini hilo hakuliachia.

Mimi ni mtoto wa Iringa mjini, wa familia ya wafanyabiashara wa Kiislamu. Babu zetu walipanda kutoka pwani na mizigo yao, baridi ikawakamata, wakabaki. Kwetu mkwe ni baba: unamsalimia, unamtengea chakula, na akiwa mcheshi unamtania. Nilipoolewa Mbeya nikaelezwa habari za kuchuchumaa vichakani, nilicheka. Kisha nikatazama huku na huku nikaona ninacheka peke yangu.

Kuchuchumaa nilizoea. Nina duka la mchele pale Iyunga, nachukua mzigo Ubaruku, kuinama na kuinuka ndiyo kazi yangu. Kilichoniuma ni kingine. Mke wa shemeji yangu mkubwa alishafunguliwa. Aliitwa siku moja mbele ya watu, mzee akampa kitenge, pakasaliwa, na tangu hapo anamwandalia chai mzee ana kwa ana. Mimi kitenge sikukiona. Na mume wangu alisilimu ili anioe, jambo ambalo mzee wa kanisa hawezi kulimeza kama uji. Kwa hiyo nikajijazia mwenyewe: huyu hanikwepi kwa mila, ananikwepa kwa sababu hanitaki, na mila amepata mahali pa kujifichia. Nilikaa na neno hilo moyoni, na kila nilipochuchumaa nalo likachuchumaa nami.

Safari ya kwa Mtaliano aliitaka mume wangu. Ni nyumba ya zamani juu ya kilima, kupita Igowole, kwenye mashamba ya chai ya Mufindi. Wote wanaiita kwa Mtaliano, ingawa Mtaliano mwenyewe aliondoka zamani na waliokaa humo baada yake hawahesabiki. Baba mkwe alichuma chai hapo ujanani, na katika miaka yake yote ya kuchuma hakuwahi kuvuka mlango wa jikoni. Sasa nyumba imekuwa ya kulala wageni. Mume wangu aliposikia hivyo akasema baba lazima alale ndani kabla hajafa, na mzee akanyamaza, na kwa mzee yule kunyamaza ni kukubali.

"Na mimi nikajifiche wapi?" nilimuuliza.

"We mwanamke, nyumba ni kubwa ile. Mtapishana tu."

Wanaume huona vyumba, hawaoni milango. Nilitokea Iringa kwa mama yangu, wao wakatokea Mbeya, na nilipofika kileleni nikaona nimekwisha. Inasemekana Mtaliano aliijenga akifuata nyumba ya kwao, ya vilimani huko Italia, ili akikaa barazani aone kila anayepanda. Kuta ni za mawe, nene kiasi cha kuweza kukalisha mtoto dirishani. Paa la vigae vyekundu, kengele ya shaba mlangoni, miti mirefu myembamba imepangwa mstari kama askari wa gwaride, na baraza ndefu ya matao inayotazama chai mpaka macho yanachoka. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini ukumbi wa kulia chakula una milango mitatu mirefu ya vioo, yote inatazama barazani. Kutoka ukumbini kwenda vyumbani ni ushoroba mmoja tu, na ili uufikie lazima upite mbele ya vioo hivyo vyote. Sakafu ni ya mbao, na kila ubao una neno la kusema.

Mahali pekee pa kujisitiri palikuwa stoo ya vyakula, kachumba kalikobanana upande wa pili wa ukumbi, mlango mmoja, kidirisha juu chenye nondo. Mama mkwe, mwanamke mpole asiyepandisha sauti hata akiita kuku, akaamua nile humo. Jioni ya kwanza mzee, mkewe na mwanawe walikaa kwenye meza ya Mtaliano yenye viti vya migongo mirefu, na mimi nikakaa juu ya gunia la mchele niliouleta mwenyewe, mlango umeegeshwa, sahani mapajani. Nilisikia kila neno. Mzee alikuwa akisimulia.

"Hapo nje kwenye ile barabara," alisema, "Mtaliano akipita na gari yake, sisi tulikuwa tunatoka njiani. Tunaingia humo kwenye chai, kofia tunashika mkononi, tunatazama chini. Mpaka vumbi litulie. Hata kama umebeba kapu, unaingia nalo. Sasa leo nimekalia kiti chake."

Mume wangu akacheka. Mzee hakucheka. Akaomba chumvi.

Nikasema moyoni, kumbe unajua utamu wake, mzee. Unajua kabisa mtu akiingia vichakani anajisikiaje. Nilikula wali wangu kwa hasira.

Siku iliyofuata nilivuka ukumbi na trei ya vikombe nikijua mzee amelala. Hakuwa amelala. Aligeuka kule barazani, nikaona ukingo wa kofia unageuka, nikajitupa nyuma ya kabati na vikombe vikaenda chini. Mama mkwe alikuja akaokota vipande. Kisha akaninong'oneza, "Mwanangu, angalia kidogo. Atadhani humheshimu." Nikaapa kwamba katika nyumba ile sitakuwa mimi tena wa kukosea. Kiapo hicho ndicho kilichotaka kumuua.

Jumapili asubuhi ukungu ulikuwa umekaa juu ya chai, na manyunyu ya Mufindi yale yasiyoitwa mvua lakini yanalowesha mpaka mifupa. Mama mwenye kuendesha nyumba, Mhehe mmoja mchangamfu, alikuwa ameniahidi kunipeleka kuona ng'ombe wake wa maziwa chini ya kilima. Nilimuaga mume wangu, tukaanza kushuka. Hatukufika mbali. Njia ilikuwa tope tupu, nami nilikuwa nimevaa ndala.

"Ee dada, na ndala hizo utafika lini?" akaniambia. "Rudi tu ndani, mimi nitaleta maziwa."

Nikarudi. Nikapanda ngazi za barazani, nikavua ndala zilizojaa tope, nikaziacha kwenye kizingiti cha mlango wa kioo wa katikati, nikaingia stoo kutafuta kitambaa cha kufutia miguu. Hapo ndipo nikasikia fimbo barazani, na sauti ya mama mkwe. Mzee alikuwa ameamka. Nikavuta mlango wa stoo, nikabakiza upenyo.

"Sindano umeshachoma," mama mkwe alikuwa akisema. "Uji nimeuweka mezani, nimefunika na sahani. Usikae, baba. Unywe sasa hivi."

"Nakunywa," mzee alijibu. "Nendeni, mtachelewa ibada."

Mzee ana kisukari. Kila asubuhi anachoma sindano, na baada ya sindano lazima ale. Mama yangu mzazi anao ugonjwa huohuo, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa: ukichoma usipokula, sukari inashuka, na ikishuka sana mtu anaondoka mbele ya macho yako. Asubuhi ile kifua kilikuwa kinambana, ndiyo maana hakwenda kanisani. Mume wangu alikuwa anampeleka mama yake Igowole kwenye ibada. Wote wawili walidhani mimi niko kwa ng'ombe. Nikasikia gari linawaka, linashuka, sauti inapotelea ukunguni. Simu yangu ilikuwa chumbani, kule mwisho wa ushoroba.

Tukabaki wawili. Mimi stoo, yeye barazani, bakuli la uji mezani katikati yetu.

Nilijikunja nyuma ya mlango nikisubiri aingie anywe uji wake aende zake. Niliona nitakuwa na dakika za mateso tu, basi. Nikasikia hatua zake zinakuja mpaka mlango wa kioo, zikasimama. Akakohoa.

Kikohozi chake nakijua. Si cha ugonjwa, ni honi. Akikaribia kona ya nyumba anakohoa ili wakamwana wajitoe. Kwa hiyo nilijua anasema: naingia, jisitiri. Nikajisitiri zaidi, nikabana pumzi. Hakuingia. Nikasikia kiti kinaburutwa barazani, na nilipochungulia kwenye upenyo nikaona amekigeuza, amekaa kunipa mgongo, anatazama ukungu.

Haya, nikasema. Anasubiri nini?

Akakohoa tena. Nikangoja. Sahani iliyofunika bakuli ilikuwa imeanza kutoa matone ya mvuke chini yake, kisha na mvuke ukaisha. Nilijiambia labda hajasikia njaa. Nilijiambia labda anasali. Nilijiambia mambo mengi, na hasira ikiwa inanipanda taratibu, kwa sababu mgongo ule ulionekana kama mgongo wa mtu aliyenichoka. Nikawaza kuvuka ukumbi nikimbilie chumbani. Nikakumbuka vikombe. Sikuthubutu.

Kikohozi cha tatu kilikuwa dhaifu. Nikachungulia tena, safari hii chini, na nikaziona.

Ndala zangu. Zipo kizingitini, zimepangwa vizuri kama nilivyolelewa, pua zinatazama ndani.

Nikaelewa. Mzee alikuja mpaka mlangoni, akaona viatu vya mkamwana wake, akajua mkamwana yumo ukumbini anakula. Hakukohoa kunitaka nijifiche. Alikuwa ananijulisha yupo, nimalize bila haraka nitoke. Na kiti alikigeuza ili nikitoka nisione haya. Yeye alikuwa ananingoja mimi, nami nikimngoja yeye, na sindano haimngoji mtu.

Nilijaribu kumpa ishara. Nikagonga sufuria na kijiko ili ajue niko stoo, siko mezani. Kutoka barazani akakohoa kwa adabu, kama anayesema karibu tena. Nikagonga kwa nguvu. Akakohoa. Tungeweza kuendelea hivyo mpaka azikwe.

Kuzungumza naye moja kwa moja haiwezekani. Ila wenyewe wana njia: kama kuna mtoto unamtuma mtoto, kama hakuna mtoto unakiambia kitu chochote, hata jiwe, na mzee anajifanya kusikia kwa bahati. Kulikuwa na paka wa nyumba ile, mnene, wa rangi ya vigae, amelala juu ya kabati la ukumbini. Nikafungua mlango kidogo.

"We paka," nikasema kwa sauti, "humu ukumbini hakuna mtu. Uji unapoa."

Mara tu nilipolisema nikaona upumbavu wake. Mtu anayesema humu hakuna mtu, si yumo humo?

Kisha mzee akasema, polepole, akiuelekeza uso ukunguni: "Paka. Mwambie ale taratibu. Mimi sina haraka."

Nimeambiwa maneno mengi mazuri maishani, na mume wangu si bubu. Lakini hilo liliyapita yote. Sauti ilikuwa nzito, ulimi unateleza, kama mtu aliyeamshwa usingizini, na bado alikuwa anataka nishibe. Miaka yote ile nilikuwa nimeusoma mgongo wake vibaya.

"Paka, mwambie mimi sili chochote! Mwambie niko stoo, nafunga mlango! Aingie anywe uji, amechoma sindano!"

Nikafunga mlango kwa kishindo ili asikie. Nikahesabu pumzi zangu. Hakuna kiti kilichoburutwa. Nikafungua. Mgongo ulikuwa umeegemea upande mmoja, na fimbo imeanguka. Akaanza kusema Kinyakyusa, na mimi nakielewa kwa kukisikia dukani. Alikuwa anawaambia watu watoke barabarani. Gari linakuja, alisema. Ingieni kwenye chai. Vueni kofia. Akawaita wenzake kwa majina, watu ambao naamini wote wamekwisha kufa, na akamhimiza mmoja wao afanye haraka.

Nilisimama pale stoo, mkono juu ya mlango, na nikiri kilichopita kichwani kwanza kilikuwa aibu: watu wa Tukuyu watasema nini. Yule Mwislamu wa Iringa alikaa stoo na sukari na asali, mzee akafa barazani. Halafu hicho kikapita, kikabaki kitu kidogo cha kweli. Sikutaka afe. Sikutaka hata kidogo, na nilishangaa jinsi nisivyotaka.

Nikachukua chupa ya asali. Nikajifunika khanga kichwa kizima, nikaacha uwazi wa jicho moja, nikatoka. Mbao za Mtaliano zikalia kila hatua. Nikanyakua bakuli la uji nikapita juu ya ndala zangu mwenyewe.

Koti lake lilikuwa limelowa mgongoni, na halikuwa limelowa manyunyu. Lilikuwa jasho, kwenye baridi ile. Mkono uliokuwa pajani ulikuwa unatetemeka. Aliposikia hatua zangu karibu yake, mkono ule ukainuka kwa shida, ukaenda mpaka kichwani, ukaishusha kofia mpaka kwenye pua. Kisha ukaanguka.

Hata pale! Nilitamani kumpiga. "Paka," nikasema huku nalia, "mwambie afungue mdomo."

Paka mwenyewe alishaondoka.

Nikachovya kidole kwenye asali, nikakiingiza ndani ya shavu lake, nikapaka kwenye ufizi. Nilikuwa nafanya lisilofanyika. Mkamwana hamgusi baba mkwe hata kivuli, na mimi nilikuwa nimetia kidole mdomoni mwake. Nikachovya tena. Kidevu chake kina mvi fupi zinazochoma na kovu dogo upande wa kushoto. "Meza," nikasema. "Paka, mwambie ameze. Mwambie asinifanyie hivi." Asali ikamdondokea kwenye koti, nyingine ikapanda mpaka ukingo wa kofia. Alikuwa ameacha kusema. Nikaweka mkono chini ya kidevu chake nikaendelea kupaka, nikisoma kila dua niliyofundishwa madrasa, na zilipokwisha nikaanza upya.

Kwanza ulisogea ulimi. Kisha koo likapanda na kushuka. Nikampa kijiko cha uji nilichokichanganya na asali, kikarudi nusu, nusu ikaenda. Cha pili kikaenda chote. Sijui nilimlisha vingapi. Ukungu ulikuwa umefunika miti ile iliyopangwa mstari, hakuna gari, hakuna sauti ya mtu, na kwenye baraza ile aliyoijenga Mtaliano ili aone kila kitu hakukuwa na cha kuona isipokuwa mimi, khanga kichwani, namlisha mzee aliyejifunika kofia.

Halafu mkono ukakishika kijiko. Mkono wake, sio wangu. Ukakivuta taratibu, kama mtu anayekataa kusaidiwa bila kukosa adabu. Nikakiachia. Nikarudi nyuma mpaka kwenye nguzo ya tao, nikakaa chini upande wa pili, mgongo kwenye jiwe.

Nilimsikia akinywa uji wote. Alikwangua bakuli.

"Paka," akasema baada ya muda. Sauti ilikuwa imerudi mahali pake. "Bado upo?"

"Yupo," nikadanganya.

"Mwambie, ndaga fijo." Asante sana, kwao. Akaweka bakuli chini. "Mwambie pia uji ulikuwa umepoa."

Nikacheka, na kicheko kikageuka kilio kikubwa hata nikajiziba mdomo na khanga. Yeye akakohoa kidogo, akangoja nimalize.

Waliporudi nilikuwa stoo, juu ya gunia langu. Nilisikia mama mkwe akimuuliza kama alikunywa uji, na yeye akajibu, "Nimekunywa." Basi. Lakini mama mkwe ana macho. Aliona kofia ina asali ukingoni. Alikuja stoo na bakuli la maji ya vuguvugu, akanishika mikono, akaniosha vidole kimoja kimoja, kisha akavifuta kwa kitenge chake mwenyewe.

Mume wangu nilimwambia njiani, baada ya kuwapandisha wazee basi la Mbeya, tukirudi Iringa kumchukua mtoto kwa mama yangu. Alisimamisha gari pembeni, akainamisha kichwa kwenye usukani kwa muda. Alipoinua akaona ajitie uanaume. "Basi si yameisha hayo! Mmeshagusana mpaka mdomoni. Atakufungulia tu wiki hii."

"Endesha gari," nikamwambia.

Lakini na mimi nilitegemea hivyo. Nilingoja kitenge. Wiki ikapita, miezi ikapita. Mama mkwe akipiga simu alinisalimia, akanieleza hali ya migomba, na kabla ya kukata alisema, "Na baba anauliza, paka hajambo?"

"Hajambo, mama. Mwambie anamsalimia."

Tulikuwa tunacheka, lakini nikikata simu nilikuwa nabaki na donge. Siku moja nikashindwa kuvumilia nikamuuliza waziwazi kwa nini mimi hanifungulii. Akasema, "Mimi sijui, mwanangu. Muulize paka." Sikucheka. Nikarudi kupima mchele.

Tulikwenda Tukuyu kwa sikukuu yao ya Krismasi, kama kila mwaka, mimi nikisaidia kupika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi nilitoka kisimani na ndoo ya maji kichwani, napandisha kijinjia kile chembamba kinachopita kati ya migomba, tope linateleza, mkono mmoja umeshika ndoo, mwingine nauinua hewani nisianguke. Mbele, nyuma ya kona, nikasikia kikohozi.

Nikatazama pa kuingilia. Kulia mgomba umeangukia njia, kushoto mtaro wa maji. Nikichuchumaa na ndoo ile itamwagika yote, nitarudi kisimani upya. Nikasema moyoni, haya, ndiyo maisha yangu. Nikaanza kuinama.

Kikohozi kikaja tena, na hakikutoka njiani. Kilitoka pembeni, ndani ya migomba.

Nikainua macho. Hatua chache mbele, ndani kabisa ya majani yaliyolowa, alikuwa amesimama mzee mwenye koti, amenipa mgongo. Maji ya migomba yalikuwa yanamdondokea mabegani. Viatu vyake vya kanisani vilikuwa vimezama kwenye tope. Kichwa kilikuwa wazi, cheupe, sijawahi kukiona. Kofia alikuwa ameishika kwa mikono miwili kifuani.

Kule kwenye chai alilazimishwa. Hapa hakuna aliyemlazimisha.

Nilinyooka. Nikaishika ndoo vizuri nikapita katikati ya njia, wima, bila kukimbia, na maji yangu yote kichwani. Sikugeuza uso kumtazama, na yeye hakugeuka. Nilipofika kwenye kona nikasimama kidogo, nikakohoa, ili ajue nimeshapita.